Maswali ya Wasomaji: Siku Moja ya Mapumziko, Ndege Mmoja wa Kutafutwa

Barua nyingi zilizotufikia tangu toleo lililopita zinafanana kwa jambo moja: mwandishi ana siku moja ya mapumziko, ana ndege mmoja anayemtamani, na ama amekwenda akarudi bila kumwona, ama anaogopa yatamkuta hayo. Tumechagua saba, tukazifupisha, na tumejibu kwa urefu pale ambapo jibu linaweza kumfaa zaidi ya mtu mmoja.

Shikamoo, mwalimu. Mwezi wa Julai niliwachukua mke wangu na watoto hadi hori ya Mida, karibu na Watamu, kwa sababu nilikuwa nimesikia sifa za yule ndege mweusi na mweupe anayekula kaa. Ilikuwa siku ya mwezi mpevu. Tulifika saa nne asubuhi, tukapita njia ya mbao iliyo juu ya mikoko hadi kibandani, na mbele yetu tukaona uwanja wa tope usio na mwisho na vidoto vya mbali visivyotambulika. Watoto walichoka kabla ya saa sita. Je, ndege huyo ameihama Mida, au sisi ndio tuliokosea mahali?
*Msomaji, Mtwapa*

Marahaba, ndugu yangu. Mahali hamkukosea. Mlikosea mwezi na saa, na katika ndege wa pwani mambo hayo mawili yana uzito kuliko mahali penyewe.

Tuanze na mwezi. Mla-kaa, ambaye wataalamu humwita Dromas ardeola na kumweka peke yake katika familia isiyo na ndege mwingine, hazai kwetu. Huzaa katika visiwa na fukwe za mchanga za kaskazini, kwenye Ghuba, Oman, Bahari ya Shamu na Somalia, kati ya Aprili na Agosti, na tofauti na ndege wengine wa ufukweni yeye huchimba shimo refu mchangani na kutaga humo yai moja jeupe, ambalo huokolewa na ubaridi wa chini ya ardhi wakati juu mchanga unaunguza. Kwa hiyo mlipokuwa kibandani mwezi wa Julai, walio wengi walikuwa huko wakilea. Huanza kurejea pwani yetu Agosti na Septemba, na kaskazi ikishatulia, yaani kuanzia Desemba hadi Machi, ndipo Mida huwa imewajaa. Wachache wasiozaa hubaki mwaka mzima, lakini siku moja ya mapumziko haitoshi kuwabahatisha wachache.

Sasa saa. Mnakaa Mtwapa, kwa hiyo mnaye mvuvi jirani ambaye angewaambia bila kufungua kitabu: siku za bamvua, yaani za maji makubwa, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani ya Kenya na Tanzania hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Ninyi mlifika saa nne asubuhi ya mwezi mpevu, yaani wakati ule ule ambao bahari imekimbia mbali kuliko siku nyingine zote. Ndege walikuwapo, maana vile vidoto vilikuwa ndege wa aina nyingine, ila walikuwa wametawanyika kwenye ukingo wa maji huko mwisho, kila mmoja akifuata chakula chake. Hapo hata darubini nzuri haina la kufanya.

Ndege wa topeni hutazamwa maji yanapopanda. Kila maji yanavyosogea, tope hupungua, nao husukumwa kidogo kidogo kuelekea mikokoni na kuelekea kwako uliyeketi umetulia, mpaka mwisho husimama wamebanana kwenye fungu la mwisho la mchanga, na maji yakilifunika huruka kwenda kupumzika kwingine. Uwe kibandani saa mbili na nusu au tatu kabla ya maji kujaa, na usiondoke hadi fungu la mwisho limezama. Maji hujaa kwa kuchelewa kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo ukijua siku ya mwezi umejua saa. Mamlaka ya Bandari ya Kenya huchapisha jedwali la maji la kila mwaka. Mkumbuke tu kwamba jedwali ni la bandarini, na maji ya ndani ya hori yenye mlango mwembamba hufuata nyuma kidogo.

Uchaguzi basi ni wa namna mbili. Siku za bamvua mtafika saa saba mchana, jua kali, lakini maji yatapanda kwa kasi na kuwasukuma ndege hadi karibu kabisa. Kipindi kizuri hakizidi saa moja na nusu. Siku za maji mafu, yaani maji yasiyopanda wala kupwa sana, kama tarehe saba hadi tisa ya mwezi mwandamo au ishirini na mbili hadi ishirini na nne, maji hujaa karibu na saa nne asubuhi, mtakaa katika ubaridi wa asubuhi, na maji yatapanda polepole kiasi cha kuwapa watoto muda wa kujifunza, ila hayatafunika tope lote na baadhi ya ndege watabaki mbali. Mwenye watoto ningemshauri maji mafu.

Mla-kaa mkishamwona hamtamchanganya na mwingine: mrefu, mwili mweupe, mgongo mweusi, miguu ya rangi ya kijivu inayoelekea buluu, na mdomo mweusi mnene usiolingana na kichwa chake. Mtazameni anavyowinda. Huenda hatua chache, husimama kimya, kisha hukimbia ghafla na kumdaka kaa kabla hajaingia shimoni. Mdogo humeza mzima, na mkubwa humpigapiga kwa mdomo hadi avunjike. Tafuteni pia kijana wa mwaka huo, mwenye mgongo wa kijivu, ambaye amekwisha kuwa na kimo cha mzazi na ameruka maelfu ya kilomita, lakini bado anamfuata mzazi wake topeni akilia na kuomba kaa. Mzazi humpa. Ni ndege wachache sana wa ufukweni wanaoendelea kulisha watoto wao hata baada ya safari ya kuhama, na kwa maoni yangu hilo ndilo la kuwaonyesha watoto wenu, kuliko rangi.

Ada mnayolipa kwa njia ya mbao ina kazi: mpango unaosimamiwa na shirika la A Rocha Kenya huitumia kuwasaidia kwa karo wanafunzi wa sekondari wa familia zinazoishi kando ya hori na msitu wa Arabuko-Sokoke. Kutoka Mtwapa ni safari ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo kwa matatu yoyote ya Malindi.

Ndugu Mhariri, sisi wa Dar es Salaam kila tukisoma habari za ndege wa pwani tunaelekezwa Kenya. Je, hapa hakuna mahali ambapo mtu anaweza kwenda Jumamosi kwa daladala na kurudi jioni?
*Msomaji, Tegeta*

Malalamiko yako ni ya haki, na jibu liko karibu sana na mlango wako. Fukwe za Dar es Salaam zimo katika orodha ya maeneo muhimu ya ndege duniani, na mla-kaa niliyemweleza hapo juu huonekana humo. Wewe unayekaa Tegeta, anza na mashamba ya chumvi ya Kunduchi.

Lakini ukiyaendea mashamba ya chumvi, geuza ushauri nilioutoa kwa msomaji wa Mtwapa. Hori na fukwe za wazi hutazamwa maji yakipanda. Mashamba ya chumvi hutazamwa maji yakiwa yamejaa kabisa. Sababu ni ile ile. Bahari ikishafunika tope lote, vitwitwi na jamaa zao hawana pa kukanyaga, hivyo huruka na kutua mahali palipo wazi, penye maji ya kifundoni na pasipo na mikoko ya kumficha adui, na mabwawa ya chumvi yanatimiza sharti zote hizo. Siku ya bamvua nenda ukafike saa tisa alasiri, ukae hadi saa kumi na moja. Utawakuta mamia wamesimama kwa mguu mmoja, wote wakielekeza vichwa kule upepo unakotoka, na hapo ndipo mwanafunzi anapoweza kuwalinganisha kwa utulivu: yule mdogo mwenye mdomo uliopinda chini kidogo, yule mwenye miguu myekundu mirefu kupita kiasi, na sululu mkubwa mwenye mdomo kama mundu. Ukifika maji yamepwa utakuta chumvi na wafanyakazi, basi.

Mambo mawili ya adabu. Mashamba hayo yana wenyewe, kwa hiyo piga hodi kwa msimamizi kabla ya kukanyaga tuta, na ueleze kwamba umekuja kutazama ndege, maana mtu mwenye darubini asiyejieleza huwatia watu wasiwasi. Pili, tembea juu ya tuta ukiwa umeinama na usiwakaribie hadi wakaruka. Ndege waliopumzika wakati wa maji kujaa hawana pengine pa kwenda, na kila wanaporushwa hutumia mafuta ya mwili wanayoyahitaji kwa safari ya Aprili ya kurudi kaskazini kuzaa.

Kwa siku nyingine, fika Bagamoyo kwenye mashamba ya chumvi ya Nunge, kwa kanuni hiyo hiyo ya maji kujaa.

Mimi nafanya kazi ya kupokea wageni katika hoteli mojawapo mjini Malindi. Wageni wetu wengi huja Julai na Agosti, na wapo wanaouliza ndege. Nimekuwa nikiwaambia warudi Desemba, na wengine hununa. Je, msimu wa kusi hauna kitu kabisa?
*Msomaji, Malindi*

Acha kuwarudisha watu, dada yangu, maana mnacho kitu ambacho Desemba hakipo. Kaskazi ina ndege wake na kusi ina wake. Wakati vitwitwi wa Urusi na Asia ya Kati wako kwao wakizaa, kuna ndege mmoja anayetoka upande wa pili kabisa: huzaa Madagaska, na kati ya Aprili na Septemba huvuka bahari kuja Afrika ya Mashariki. Jina lake la kitaalamu ni Glareola ocularis. Ni wa rangi ya hudhurungi, mabawa marefu yaliyochongoka, mdomo mfupi mweusi, mstari mweupe chini ya jicho, na angani hurusha mwili kama mbayuwayu. Mlango wa mto Sabaki, dakika chache tu kaskazini ya mji wenu, ni mojawapo ya mahali panapojulikana sana ulimwenguni kwa kuwaona wakiwa makundi makubwa, hasa Agosti na mapema Septemba.

Wapeleke wageni alasiri. Mchana ndege hawa hulala juu ya mchanga na tope kavu wakiwa wamejibandika, na kwa kuwa rangi yao inafanana na ya tope, mtu anaweza kuwapita kwa hatua chache asiwaone. Jua likianza kushuka huinuka pamoja kuwinda wadudu juu ya mto. Kwenye mafungu ya mlangoni watakuwapo pia shakwe na buabua wa aina mbalimbali, na heroe mara kwa mara. Njiani, kwenye majani mafupi yanayofurika mvua ikinyesha, mwambie mwongozaji awatafutie Anthus melindae, ndege mdogo mwenye michirizi kifuani na miguu ya manjano iliyokolea, ambaye hata jina lake limetokana na Malindi na ambaye makazi yake ni ukanda mwembamba wa pwani ya Kenya na kusini mwa Somalia. Huyo yuko mwaka mzima. Mgeni aliyetembea dunia nzima akitafuta ndege huenda hajamwona, na wewe unaye nyuma ya nyumba.

Usiwaache waende peke yao. Tope la Sabaki laweza kumeza mguu hadi gotini, na mlangoni mle mna viboko, ambao jioni hutoka majini kula kwenye majani yale yale ambayo wageni hupenda kuyapitia wakirudi. Waongozaji wa kijiji wanajua njia ya kurudia.

Mwalimu, nimeishi Kisumu miaka mingi na kila siku namwona tiva mwenye tumbo jekundu uani kwangu. Rafiki yangu aliyetoka Nairobi alilipa mtumbwi Dunga ili amwone tiva huyo huyo, nami nikamcheka. Je, kulikuwa na haja ya kulipa?
*Msomaji, Milimani, Kisumu*

Rafiki yako alilipa kwa ajili ya ndege mwingine, na nadhani utaomba radhi. Tiva wa uani kwako ana kichwa cheusi pi, mgongo mweusi, na wekundu unaoanzia kooni hadi tumboni. Tiva wa mafunjo, Laniarius mufumbiri, ana utosi wa manjano kama aliyepakwa rangi, mstari mweupe kwenye bawa, na wekundu wake hufifia unapokaribia mkia. Huyu wa pili hatoki katika mafunjo. Hali uani, hazai bustanini, na ukiyafyeka mafunjo yake hahamii miti ya jirani, hutoweka. Ndiyo sababu kinamasi cha Dunga, kilicho kilomita chache tu kutoka katikati ya mji wenu, hutembelewa na watu wa mbali.

Pamoja naye wamo wengine watatu wanaotafutwa: chiriku wa mafunjo, na ndege wawili wembamba wa mafunjoni ambao mmoja ni wa manjano iliyofifia na mwingine ni wa hudhurungi mwenye weupe kidogo bawani. Mwenye siku moja asiwatafute wote wanne kwa uzito sawa. Amtafute tiva, na wengine wakija waje.

Kinamasi hakina kupwa na kujaa, lakini kina saa yake, na saa hiyo ni upepo. Asubuhi ziwa limetulia; kuanzia saa nne upepo wa ziwani huanza kuyayumbisha mafunjo, vichwa vyote vinatikisika, na huwezi tena kujua kama kilichosogea ni ndege au ni shina. Uwe mtumbwini saa kumi na mbili na robo. Kisha usitazame: sikiliza. Tiva wa mafunjo huimba wawili wawili, dume akianza kwa sauti ya filimbi nzito na jike akimjibu papo hapo kwa mkwaruzo, na mtu asiyejua hudhani ni ndege mmoja. Mpiga kasia akisikia, aache kupiga kasia na kuuacha mtumbwi uelee kando ya ukuta wa mafunjo, nawe tazama theluthi ya chini ya mashina, karibu na maji, si juu kwenye vichwa. Utaona kwanza kipande chekundu, kisha utosi wa manjano, kisha hakuna kitu. Hiyo ndiyo namna yake ya kuonekana, na ukiipata sekunde tano mfululizo umefaulu.

Najua utauliza, kwa kuwa wengi wa Kisumu huuliza: korongo nyangumi, yule mwenye mdomo kama kiatu, usimtarajie Dunga. Kwa huyo nenda Uganda, katika kinamasi cha Mabamba upande wa magharibi wa Entebbe, kilichoingizwa mwaka 2006 katika orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhi oevu muhimu. Anafuata kamongo, na kamongo hukaa mle ambamo maji yamesimama kati ya majani. Kutoka Entebbe ni safari ya siku moja. Kutoka Kisumu si hivyo.

Ninakaa Ongata Rongai na sina nauli ya pwani. Je, kuna ndege wa ufukweni ninayeweza kumtafuta nikarudi nyumbani usiku?
*Msomaji, Ongata Rongai*

Barabara inayopita mbele ya nyumba yenu inakwenda moja kwa moja kwake. Ifuate kupitia Kiserian, ushuke bonde hadi ziwa Magadi, na hapo utamkuta Charadrius pallidus, kitwitwi mdogo mweupe mwenye ukanda mwembamba wa kahawia nyekundu kifuani, anayekimbia ukingoni mwa magadi kama mpira uliosukumwa. Wa jamii yake waishio Afrika ya Mashariki hutegemea maziwa ya magadi ya Bonde la Ufa, Magadi na Natron, kwa hiyo hata watu wa pwani wakimtaka humfuata huko.

Kosa linalofanywa na wengi ni kufika saa tano. Umetoka kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,600 na umeshuka hadi karibu na mita 600. Magadi ni meupe, jua linarudi usoni kutoka chini, na kuanzia saa nne hewa juu ya ziwa huanza kucheza kwa mazigazi, hivi kwamba ndege aliye umbali wa mita 100 huonekana kama moshi. Toka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, uwe kwenye matuta ya barabara yanayokatiza ziwa muda mfupi baada ya jua kuchomoza, na kufikia saa tatu na nusu uwe umemaliza. Usimchanganye na kitwitwi mwingine wa hapo, ambaye kifua chake ni cha rangi ya njugu na ana mstari mweusi unaopita jichoni na kuzunguka shingo. Ukanda wa kifuani ndio ushahidi.

Beba maji ya kunywa kuliko unavyodhani utahitaji, ulipe ada ya getini, na usikanyage magadi yanayong'aa hata yakionekana magumu, kwa kuwa mahali pengine ni ganda tu juu ya tope lenye chumvi inayochoma ngozi.

Nina shilingi za kununua darubini moja tu. Je, ninunue ya kuvuta sana?
*Msomaji, Tanga*

Hapana. Nunua ya 8x42, yaani inayokuza mara 8 na yenye kioo cha mbele cha milimita 42. Inayokuza mara 12 au zaidi hukuza pia mtetemeko wa mikono, na mtumbwini haitumiki kabisa. Ile ya jicho moja inayosimamishwa juu ya miguu mitatu ni ya lazima kwa fukwe pana, lakini waongozaji wengi wanayo, na ni nafuu kumlipa mwongozaji kuliko kuinunua.

Katika barua yako umegusia pia kupiga sauti za ndege kwa simu ili watoke mafichoni. Mimi siipendi tabia hiyo, na vinamasini naipinga kabisa. Ndege anayeisikia hudhani mwenzake amekuja kumnyang'anya eneo, huacha kazi aliyokuwa akiifanya, hata kama ni kulisha makinda, na kuja kupigana na simu. Kinamasi kinachotembelewa na mitumbwi kila asubuhi hakiwezi kustahimili hayo kila asubuhi. Mpiga kasia akikupendekezea, mwambie kwa upole kwamba unaweza kusubiri, na umwongezee kitu kwa muda wake.

Assalaam aleikum. Mimi ni mzaliwa wa Pemba ninayeishi Muscat. Nimesoma kwamba mla-kaa wa kwetu huzaliwa huku. Je, ninaweza kwenda kumwona shimoni mwake?
*Msomaji, Muscat*

Waaleikum salaam. Ni kweli, baadhi yao huzaliwa Oman, katika visiwa vidogo vya upande wa Barr al Hikman, lakini nakuomba usiende kwenye makoloni ya mashimo hata ukipata mashua. Mashimo huchimbwa yakikaribiana katika mchanga mlaini, na mguu wa mtu hubomoa asilotaka kubomoa. Isitoshe, wazazi wakikimbia, shakwe huingia kazini mara moja. Kwa kumwona, ngoja wazazi watoke na makinda yao mwishoni mwa kiangazi, uwatafute kwenye tope la wazi la pwani wakati maji yanapanda. Barr al Hikman kwenyewe ni mbali mno na Muscat kwa safari ya siku moja, hivyo panga kulala njiani.

Kwa siku moja, ulipo hapo hapo mjini kuna ardhi oevu ya Al Ansab, mabwawa yaliyotokana na maji taka yaliyosafishwa, ambako kuanzia Oktoba hadi Machi huja bata na vitwitwi wengi wa kaskazini. Mla-kaa hatakuwapo, kwa sababu maji si ya bahari na hayana kaa, lakini baadhi ya vitwitwi utakaowaona ni wa aina zile zile zinazofika Pemba. Uulize mapema utaratibu wa kuingia, kwa kuwa watu huhitaji kuomba nafasi kabla ya kufika getini.